Njia ifungwe kwa maandishi kabla gengi halijagusa reli

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuwasemee watu ambao abiria wa treni ya Kigoma huwaona dirishani kwa sekunde mbili tatu tu: mafundi na vibarua wa njia ya reli, waliojitenga pembeni ya tuta, sururu mkononi, wakisubiri behewa la mwisho lipite. Mvua za huku kwetu hukolea kuanzia Novemba. Kabla hazijaja, magengi huongezewa vibarua wa kufyeka majani, kuzibua mitaro na makalvati, kunyanyua reli pale ilipotitia na kubadilisha mataruma, ile mihimili inayolazwa chini ya reli. Ndio msimu ambao kijana aliyekuwa kwenye kitalu cha tumbaku wiki iliyopita anakabidhiwa mtaimbo na kuambiwa afuate wenzake. Hayo hayawezi kuitwa mafunzo.

Njia yenyewe ni ya siku nyingi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikiwa ya geji (upana kati ya reli na reli) ya mita moja, na sehemu kubwa ya matengenezo yake hadi leo hufanywa kwa mikono. Sasa Tabora na Kigoma zinajengewa pia reli ya kisasa, SGR, na vijana wengi wa mikoa hii watatafuta kazi huko. Tunachoomba kieleweke na kila mwajiri, wa reli ya zamani na wa mpya, ni hiki: gengi lisiguse njia mpaka njia imefungwa kwa maandishi, yaani treni zimezuiwa kupita. Kama kazi ni ndogo kiasi cha kufanyika treni zikiendelea kupita, basi umbali ambao mlinzi, yaani mtu aliyewekwa kuwatazamia wenzake treni, anaweza kuiona treni upimwe. Usikadiriwe kwa macho. Helmeti na buti tunavitaka sana, lakini vyote viwili havimsaidii mtu aliyekutwa katikati ya reli.

Tuanze na hesabu, maana hapa ndipo watu wengi hujidanganya. Treni inayokwenda kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kila sekunde. Gengi la watu kumi likipigiwa filimbi halitoki njiani kwa mara moja. Mwenye beleshi hutoka upesi. Mwenye jeki lazima kwanza aishushe na kuitoa. Waliobeba taruma lazima walitue mahali ambapo halitagongwa. Ukishika saa na kulipima gengi la kawaida, utakuta wa mwisho katoka baada ya sekunde 20 hivi. Kisha kuna kanuni inayotumika Uingereza, nayo ni nzuri: kila mtu awe amekwisha kusimama mahali salama, vifaa vikiwa nje, sekunde 10 kabla ya treni kufika. Jumla ni sekunde 30. Kwa mwendo wa kilomita 60, sekunde 30 ni mita 500. Kwa hiyo mlinzi lazima aweze kuiona treni ikiwa mita 500 mbali au zaidi, kutoka Tabora na kutoka Kigoma vilevile, kwa sababu njia ni moja na treni huja toka pande zote mbili.

Sasa nenda kwenye kona iliyokatiwa ndani ya kilima, nyasi zimefika kifuani. Unaona mita 200. Hizo ni sekunde 12. Katika sekunde 12 jeki haijatoka.

Mahali kama hapo mlinzi mmoja hatoshi hata awe na macho ya tai. Wawekwe walinzi wawili au watatu wanaoonana, wa mbali ampungie bendera wa kati, wa kati apulize filimbi, na kwa kila kupokezana sisi tunashauri ziongezwe sekunde 3 katika hesabu. Ikishindikana, njia ifungwe. Kupima umbali hakuhitaji chombo cha kisasa: pale reli za mita 12 zilipoungwa kwa fishipleti, vile vibao vya chuma vya kuunganishia reli, hesabu viungo. Reli 42 ni mita 504. Nyapara afanye hivyo asubuhi kila anapofika eneo jipya, na arudie majani yakiota au ukungu ukishuka, kwa kuwa umbali wa kuona wa Septemba si wa Januari.

Mlinzi naye awe mlinzi kweli. Hashiki sururu, hajibu simu, hachoti maji, haweki visikilizio masikioni. Awe amepimwa macho na daktari, hasa uwezo wa kutofautisha nyekundu na kijani, kwa sababu ndizo rangi za kazi yake. Abadilishwe kabla hajachoka. Mtu aliyekodolea macho reli tupu juani kwa saa mbili huacha kuona. Tena asiachwe aitegemee ratiba. Treni ya abiria ina ratiba, lakini treni ya mizigo, kichwa kitupu (injini isiyo na mabehewa) na kiberenge (kigari kidogo cha reli cha mafundi) vinaweza kuja saa yoyote. Wala asitegemee masikio: upepo ukivuma kutoka kwake kwenda kwenye treni, au mashine ya kushindilia kokoto ikinguruma, treni huonekana kabla haijasikika.

Yote hayo yanawaokoa watu waliomo njiani. Treni yenyewe hayaiokoi, na hapa kuna kosa linalorudiwa mno. Kufyeka, kupaka mafuta, kukaza bolti moja moja ni kazi ambazo treni inaweza kupita juu yake mara watu wakishatoka. Kufungua fishipleti, kunyanyua njia kwa jeki, kuchimbua kokoto, kutoa mataruma yanayofuatana, kukata reli: hizo ni kazi zinazoivunja njia. Filimbi ikipulizwa watu watakimbia, lakini reli iliyofunguliwa itabaki wazi, na dereva mwenye mabehewa yaliyojaa anahitaji mamia ya mita ili asimame. Kazi ya namna hii isifanywe kwa mlinzi peke yake hata kwa dakika tano. Wengi wanaoanza "kidogo tu kabla treni haijaja" hukuta bolti imeng'ang'ania kutu, na dakika tano zinakuwa ishirini.

Kufunga njia kunakwenda hivi. Mkuu wa kazi anamweleza stesheni masta, kwa mdomo na kwa maandishi, kazi ni ipi, kuanzia kilomita ngapi hadi ngapi, na kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Stesheni masta anawasiliana na mwongozaji wa treni na stesheni ya upande wa pili. Wakikubaliana, kila mmoja anaandika kwenye daftari lake, namba ya ruhusa inatolewa, na mkuu wa kazi anairudia neno kwa neno kabla ya kuondoka. Stesheni zote mbili ziweke alama ya ukumbusho kwenye mashine au meza ya kutolea ruhusa, kwa sababu zamu hubadilika na anayeingia hajui aliyetoka aliahidi nini. Kazi ikiisha, aliyeichukua njia ndiye anayeirudisha, yeye mwenyewe, kwa sahihi yake, akithibitisha kwamba watu na vifaa vimetoka na kutaja mwendo ambao treni inaruhusiwa kupita.

Ugonjwa mkubwa uko kwenye kurudisha. Magengi mawili yanafanya kazi kati ya stesheni zile zile mbili, moja linamaliza, mtu anapiga simu kusema "tumemaliza", na njia inafunguliwa huku gengi la pili bado limo. Dawa yake ni kwamba kila gengi liwe na namba yake ya ruhusa, na njia isifunguliwe mpaka namba zote zimerudi. Dawa nyingine ni kukataa kabisa ruhusa ya simu ya mkononi isiyoandikwa popote. Mtandao ukikatika katikati ya sentensi, kila upande huimalizia kwa matumaini yake.

Hata njia ikiwa imefungwa, gengi lijilinde lenyewe kwa alama njiani. Kanuni za reli za India kwa geji ya mita zinataka bendera nyekundu ya kutandazwa juu ya njia mita 400 kutoka kwenye kazi, na fataki tatu za reli mita 800, zikiachana mita 10. Fataki hizo hufungwa juu ya reli na hulipuka gurudumu linapozikanyaga, ili dereva asikie hata kama hakuona. Umuhimu wa umbali huo ni kwamba bendera iliyowekwa mita 50 kutoka kwa watu humwonyesha dereva mahali atakapogonga, na haimpi nafasi ya kusimama. Kila fundi asome kitabu cha kanuni cha reli anayoifanyia kazi, ajue umbali uliowekwa humo, na afunge alama pande zote mbili.

Fulana ya kuakisi mwanga iwe ya rangi ya machungwa. Ile ya njano ya kijani hupotea kwenye majani mabichi ya masika. Shati jekundu au la kijani lisivaliwe kabisa njiani, dereva asije akadhani ni bendera.

Baada ya treni, kinachoumiza zaidi ni uzito. Reli ya kilo 30 kwa mita yenye urefu wa mita 12 ina kilo 360. Ile nzito ya ratili 80 kwa yadi, kwa urefu huo huo, inakaribia kilo 480. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la mwaka 1967, lilitaja kilo 55 kuwa kiwango ambacho mwanamume mzima asizidishiwe kubeba. Kwa karatasi, watu tisa wanatosha reli nzito. Kwenye kokoto hawatoshi, kwa sababu ardhi haiko sawa: aliye kwenye shimo anaachiwa hewa na aliye kwenye mwinuko anabeba sehemu ya wawili. Wawe 12 hadi 14, wanaolingana kimo waliosimama jozi jozi, wakitumia koleo za kubebea reli. Mikono mitupu isitumike. Sauti ya amri iwe moja tu. Wimbo wa kazi una faida yake hapa, unawaweka watu kwenye hatua moja, ila neno la kutua litoke kwa nyapara. Wote wawe upande mmoja wakati wa kutupa, na asiwepo mtu aliyepanua miguu juu ya reli. Kidole kinachokatika wakati wa kutua reli hukatika kwa sababu mmoja aliachia kabla ya wenzake.

Jeki ya njia ina tabia yake. Meno yakiteleza, mkono wake hurudi juu kwa nguvu na kupiga taya au paji la uso. Simama pembeni ya mkono huo, usiuinamie, na ukishafikisha kimo uutoe kabisa. Kidole kisiingie chini ya taruma lililonyanyuliwa; kokoto zisukumwe kwa mtaimbo au beleshi. Mataruma ya chuma, ambayo yamejaa kwenye njia hii, yakiliwa na kutu huwa na ukingo unaokata kama kisu, na pepopunda haina huruma. Chanjo yake ipo na kila kibarua apewe kabla ya kuanza. Isitoshe, mabehewa ya zamani yana vyoo vinavyomwaga moja kwa moja njiani. Anayepiga magoti kwenye kokoto anagusa uchafu huo, kwa hiyo glavu, maji na sabuni ni vifaa vya kazi sawa na spana.

Macho ndiyo yanayosahauliwa. Nyundo na patasi zilizopigwa muda mrefu huota pindo kichwani, na pindo hilo likipasuka hurusha kipande cha chuma chenye kasi ya kutoboa jicho. Linolewe mpaka liishe kabla ya kutumika tena. Mashine ya kukatia reli kwa diski ina hatari hiyo hiyo kwa ukubwa zaidi: diski ikaguliwe kama ina ufa, mtu asisimame kwenye mstari wake mbele wala nyuma, na nyasi kavu zifyekwe kuzunguka pale, maana cheche zake zimetosha kuwasha pori la miombo.

Kuunganisha reli kwa kuyeyusha unga wa thermiti ni kazi ya waliofunzwa tu. Chuma kinachotoka kwenye chungu kina joto linalozidi nyuzi 2,000 za Selsiasi. Unyevu kidogo kwenye kalibu ya kumiminia, kwenye udongo wa kuzibia au chini kilipomwagikia hugeuka mvuke kwa ghafla na kuurusha uji huo wa moto juu ya watu. Manyunyu yakianza, kazi isimame. Unga ulioloa usianikwe ukatumika. Utupwe kwa utaratibu wake. Na mitungi ya oksijeni isiguswe kwa mkono wenye grisi.

Joto la Septemba na Oktoba linastahili aya yake. Reli ikiwa juani inaweza kupita joto la hewa kwa nyuzi 20 au karibu. Reli ya mita 12 hurefuka milimita 4 hivi joto likipanda nyuzi 30, na kama nafasi za viungo zimeziba, nguvu hiyo hutafuta pa kutokea. Ukichimbua kokoto saa saba mchana, umeondoa kitu pekee kilichokuwa kinaizuia njia isijipinde, na inaweza kuruka pembeni gengi likiwa juu yake. Kazi za kuchimbua na kufungua viungo zianze saa kumi na mbili asubuhi na ziishe kabla ya saa nne. Faida ni ya watu pia. Mtu anayeshindilia kokoto juani anahitaji kikombe cha maji kila dakika 15 hadi 20, kama lita moja kwa saa. Gengi la watu kumi kwa saa sita ni lita 60, yaani madumu matatu ya lita 20, na mtu wa kuyaleta apangwe tangu jana yake. Anayeanza kubabaika maneno, au kuacha kutoka jasho, alazwe kivulini, amwagiwe maji mwili mzima na apepewe. Asiambiwe apumzike kidogo kisha aendelee.

Mvua nazo zina radi. Mwanga ukionekana na ngurumo ikasikika kabla ya kuhesabu 30, watu watoke kwenye reli na kwenye daraja, wasikae chini ya mti, na wasirudi mpaka nusu saa ipite bila ngurumo.

Kiberenge kisiingie njiani bila ruhusa ya stesheni, kwa utaratibu ule ule wa treni. Pale ambapo treni zinaongozwa kwa simu na karatasi, hakuna taa itakayomwonyesha stesheni masta kwamba kiberenge kipo. Kama hakikuandikwa, kwake hakipo. Breki zijaribiwe kabla ya kuondoka, na reli zikiloa mwendo upunguzwe sana. Watu wasikae na miguu ikining'inia.

Katika yadi kubwa kama ya Tabora, hatari ni kimya. Behewa lililosukumwa na kuachiwa linatembea lenyewe bila mngurumo. Usikatize karibu na mwisho wa behewa lililosimama, ondoka mita kadhaa kwanza, na usipite chini yake hata kama kichwa cha treni hukioni. Mguu usiwekwe kati ya reli na ulimi wa pointi, ile reli inayosogea pale njia zinapogawanyika. Pointi hugeuzwa na mtu aliye mbali asiyekuona.

Nyoka na nyuki tunawataja kwa ufupi ila si kwa dharau. Taruma lililokaa muda mrefu ligeuzwe kwa mtaimbo, mkono usitangulie. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe kwa wembe wala asifungwe kamba ya kukaza. Kiungo kitulizwe kisitembee, na apelekwe hospitali. Kalvati na madaraja yakaguliwe kwa macho kabla ya kupiga nyundo, hasa katika mkoa huu wa asali.

Kwa vijana watakaohamia SGR, mtu asidhani uzoefu wa reli ya zamani unatosha. Treni ya kilomita 160 kwa saa hukata mita 44 kwa sekunde. Zile sekunde 30 zinakuwa mita 1,300 na ushee, umbali ambao jicho la mlinzi haliwezi kuutegemea. Huko hakuna kuchungulia na kukimbia. Ni kufunga njia tu. Juu kuna nyaya za volti 25,000, ambazo humuua mtu hata bila kuzigusa, kwani umeme huo huruka hewani. Mtaimbo mrefu usibebwe begani umesimama, na utepe wa chuma wa kupimia uachwe nyumbani.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ipo, na kibarua wa siku tatu ni mfanyakazi sawa na mwenye ajira ya kudumu linapokuja suala la uhai wake. Majina ya wote yaandikwe kabla ya kazi, na ya ndugu wa kupigiwa simu. Ijulikane pia majeruhi atatokaje: kati ya stesheni na stesheni mara nyingi hakuna barabara, kwa hiyo kiberenge chenye mafuta kibaki na gengi, pamoja na machela na bandeji za kuzuia damu, na mtu mmoja aliyefundishwa kuzitumia.

Tunawaomba wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, na wakaguzi wa ndani wa waajiri wote, wasiishie ofisini. Waende kilomita husika, bila taarifa, na kabla ya kuangalia nani amevaa helmeti waombe vitu vitatu: daftari lenye namba ya kufungia njia ya siku hiyo, umbali wa kuona uliopimwa mahali pale asubuhi ile, na orodha ya majina ya waliomo njiani. Kikikosekana kimoja, kazi isimame hapo hapo mpaka kipatikane.

Mafundi wa njia ya reli,
Tabora